Marshall: Simulizi Kama Ushahidi

Ukilitaja jina la Bikini, wengi watakumbuka vazi la kuogelea. Vazi hilo lilizinduliwa mjini Paris na Louis Réard tarehe 5 Julai 1946, siku nne baada ya Wamarekani kulipua bomu la atomiki juu ya Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Réard aliona jina linavuma magazetini, akalichukua. Wenyeji wa Bikini wakati huo walikuwa wamekwishahamishwa. Kuhusu jina hawakuulizwa, lakini hilo lilikuwa dogo katika orodha ndefu ya mambo ambayo hawakuulizwa.

Nchi yenyewe iko katikati ya Bahari ya Pasifiki, kaskazini kidogo ya ikweta: pete 29 za matumbawe, kila moja ikizunguka ziwa lake la maji ya chumvi, pamoja na visiwa 5 vya peke yake. Nchi kavu yote haizidi sana kilomita za mraba 180, nayo imetawanyika katika bahari ya karibu kilomita za mraba milioni 2. Wenyeji wameigawa katika safu mbili, Ratak ya mawio na Ralik ya machweo. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 42,000, na maelfu kwa maelfu wengine wanaishi Marekani, hasa Springdale, Arkansas, ambako wengi huajiriwa katika viwanda vya kuku.

Wageni walioandika kuhusu ngano za visiwa hivyo mara nyingi wameziweka kwenye rafu ya watoto, jirani na sungura na fisi. Wamezisoma vibaya. Kabla ya karatasi kufika Marshall, simulizi ilibeba kazi ambazo kwingine hubebwa na ofisi ya ardhi, chuo cha ubaharia na mahakama, na kazi hizo ilizifanya vizuri. Tatizo lilianza pale wenye madaraka walipoamua kwamba kisichopigwa mhuri si ushahidi.

Anza na ardhi. Kisiwa cha Marshall hukatwa vipande vyembamba viitwavyo weto, kila kimoja kikianzia ufuko wa bahari kuu hadi ufuko wa ziwa, ili kila jamaa ipate mwamba wa kuvulia, minazi, mikadi, mishelisheli na pa kuegesha chombo. Haki ya ardhi hupita kwa mama. Juu yuko chifu, iroij. Chini yake alap, mkuu wa jamaa anayesimamia kipande. Kisha ri-jerbal, wanaolima na kuvuna. Wote watatu wana haki katika kipande kilekile kwa wakati mmoja, jambo lililowatoa jasho maofisa wa kila utawala uliopita hapo wakimtafuta mwenye mali mmoja wa kumwandika kwenye fomu.

Haki hizo zilikaa ndani ya visa: nani alifika kwanza, nani alipewa kipande kwa ushujaa vitani, bibi yupi alipewa na mumewe kikawa cha watoto wake. Kwa sababu hiyo kisa hakikutolewa ovyo. Mgeni mwenye daftari alipewa kile kinachofaa kupewa mgeni, na sehemu yenye uzito ikabaki kwa jamaa. Jack Tobin, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya kazi huko tangu miaka ya 1950, alikusanya ngano nyingi na kuzichapisha kwa Kimarshall na Kiingereza mwaka 2002. Ni kitabu cha thamani. Anayekisoma akumbuke tu kwamba wasimulizi nao walikuwa wanachagua.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha Loktanur na wanawe. Wana hao walishindana kupiga makasia kuvuka ziwa la Ailinglaplap hadi kisiwa cha Je. Atakayetangulia ndiye chifu. Mama yao akasimama ufukoni na furushi zito, akamwomba mkubwa wao, Tumur, ampakie. Tumur akamwambia apande na anayefuata. Anayefuata akasema vivyo hivyo, na mwingine, na mwingine, mpaka zamu ikamfikia kitinda mimba, Jebro. Huyu akampakia mama pamoja na mzigo wake, ingawa alijua ameshaachwa nyuma. Furushi lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na tanga na kamba zake, kitu ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukiona. Mama akamfundisha kulifunga na kuliendesha, Jebro akawapita kaka zake wote, akawa chifu. Tumur akaapa kutomwona tena mdogo wake. Sasa Jebro ni Kilimia, na Tumur ni ile nyota nyekundu iliyo moyoni mwa Nge. Kilimia kikichomoza mashariki, nyota ya Tumur inakwenda kuzama magharibi.

Msikilizaji anayeishia kwenye funzo la kumheshimu mama amepata sehemu ndogo tu, na pengine ndiyo sehemu aliyokusudiwa mtoto. Kisa hicho kina pia sheria ya urithi: uchifu unatoka mkononi mwa mama na unaweza kumwangukia wa mwisho kuzaliwa. Kinaeleza chombo chenye tanga kinavyofungwa. Na kinamwachia baharia kalenda ya nyota mbili asizoweza kuzisahau, kwa kuwa ugomvi wa ndugu haukosi kukaa kichwani.

Kutoka hapo hadi kwenye urubani ni hatua fupi. Visiwa vya Marshall havina mlima. Vingi vimeinuka mita mbili hivi tu juu ya bahari, na kutoka kwenye mtumbwi huvioni mpaka uwe karibu sana. Rubani, ri-meto, alivitafuta kwa mawimbi. Upepo wa mashariki unaovuma sehemu kubwa ya mwaka hutuma mawimbi marefu yaliyozoeleka, na mengine hafifu zaidi hutoka pande nyingine. Wimbi likigonga kisiwa hurudi, hupinda, na nyuma ya kisiwa hukutana na jingine. Misukosuko hiyo husafiri mbali kuliko upeo wa macho. Rubani alijifunza kuihisi kwa mwili, mara nyingine akiwa amelala chali ndani ya chombo, na kutokana na mtikisiko akajua nchi kavu iko upande gani.

Ili kufundisha, walitengeneza ramani za fito: chelewa za mnazi au mizizi ya mkadi iliyofungwa kwa nyuzi, na kauri mahali pa visiwa. Mattang ilikuwa ya somo tupu, kuonyesha wimbi linavyopinda. Meddo na rebbelib zilionyesha visiwa halisi, vichache au safu nzima. Ramani hizo hazikupandishwa chomboni. Zilisomwa nchi kavu, zikaachwa nchi kavu, na aliyezitengeneza ndiye aliyeweza kuzifafanua kikamilifu. Mwaka 1898 Kapteni Winkler wa jeshi la majini la Ujerumani alichapisha maelezo marefu kuzihusu, baada ya kuwabembeleza machifu ambao hawakuwa na haraka ya kufundisha. Leo ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zimening'inizwa ukutani, na watazamaji wanazisifia kama sanaa ya kisasa.

Elimu hii ilikuwa mali ya jamaa fulani, ikitolewa kwa idhini ya chifu. Rongelap, pete ya kaskazini, ilisifika kwa mafunzo yake. Vijana walisomeshwa kwenye mwamba wa matumbawe unaopokea mawimbi kama kisiwa kidogo, wakaelea majini humo mpaka miili yao ikazoea tofauti. Mwaka 1954, kwa sababu ya bomu nitakalolifikia baadaye, Rongelap ilibaki bila watu, na mafunzo yakakatika. Korent Joel, aliyeanza kufundishwa utotoni na wazee wa huko, aliishia kuwa nahodha wa meli za kisasa bila kupata kuhitimu. Mnamo 2006, kwa idhini ya chifu, alijaribiwa kwa kuongoza safari kutoka Kwajalein hadi Ujae kwa mawimbi, akatambuliwa kuwa ri-meto. Mtihani ulikuwa umecheleweshwa nusu karne na bomu.

Kuna pia Letao, mjanja wa ngano hizi, ambaye hadanganyi kwa njaa bali kwa starehe. Alimwonyesha chifu mmoja jinsi anavyolala ndani ya tanuri la mawe ya moto, akafukiwa, kisha akatokea mzima na chakula tele. Chifu akataka naye afukiwe. Akaiva. Wasimulizi wengine huongeza kwamba Letao hatimaye alikwenda Marekani, na kwamba nguvu za nchi hiyo zimetokana na ujanja wake. Kwa nadharia ya siasa za kimataifa iliyotungwa bila ruzuku ya utafiti, si mbaya.

Historia ya wageni naipitia upesi. Jina la Marshall ni la nahodha Mwingereza, John Marshall, aliyepita 1788. Otto von Kotzebue alifika na meli ya Urusi 1817 akiwa na mshairi na mtaalamu wa mimea Adelbert von Chamisso, ambaye aliandika kuwahusu watu wa Ratak kwa upole usio wa kawaida kwa enzi yake. Wamisionari kutoka Marekani walitua Ebon 1857. Ujerumani ilivitwaa visiwa mwaka 1885, mwaka uleule Berlin ilipotoa hati ya ulinzi kwa madai ya Carl Peters huku Usagara na jirani zake. Walichokitaka Marshall kilikuwa mbata, na gharama za utawala zikaachiwa kampuni iliyoinunua. Japani ikawafukuza Wajerumani 1914, na Wamarekani wakawafukuza Wajapani 1944, kwa mapigano makali Kwajalein na Enewetak.

Februari 1946, Jumapili baada ya ibada, Komodoo Ben Wyatt aliketi na watu wa Bikini. Aliwaambia kisiwa chao kinahitajika kwa muda ili majaribio ya silaha mpya yawafae wanadamu wote na kumaliza vita duniani, akawafananisha na wana wa Israeli. Kiongozi wao, Juda, alijibu kwamba mambo yako mikononi mwa Mungu. Kikao hicho kiliigizwa tena baadaye mbele ya kamera za jeshi, na Juda akatakiwa kurudia jibu lake zaidi ya mara moja mpaka picha itoke vizuri. Hivi ndivyo ridhaa ya watu wa Bikini ilivyoingia kwenye kumbukumbu rasmi. Simulizi za wazee, ambazo hazikuwa na mtu wa kupiga kelele "tena!", ndizo zilizoitwa ngano.

Watu 167 walipelekwa Rongerik. Wazee walikuwa na neno kuhusu mahali hapo: pana mapepo wabaya, na samaki wa ziwa lake hawafai. Maofisa waliosikia hawakuona sababu ya kubadili mpango. Rongerik ina nchi kavu ndogo kuliko Bikini, minazi yake ilizaa kidogo, na waliokula samaki wa ziwa hilo waliugua, maana baadhi walikuwa na sumu. Mwanzoni mwa 1948 mwanaanthropolojia Leonard Mason aliwakuta watu wamedhoofu kwa njaa. Wakahamishiwa mahema ya Kwajalein, kisha Kili, kisiwa kisicho na ziwa la ndani wala mahali salama pa kuegesha mitumbwi. Hadithi ya mapepo ilikuwa imetoa onyo lilelile ambalo daktari angetoa, mapema zaidi, na bila malipo.

Kati ya 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 huko, karibu yote Bikini na Enewetak. Kubwa kuliko yote, Bravo, lililipuliwa tarehe 1 Machi 1954 likiwa na nguvu ya megatoni 15, zaidi ya mara mbili ya ilivyotazamiwa. Saa chache baadaye vumbi jeupe lilianguka Rongelap. Watoto walilichezea. Jioni ngozi zikaanza kuwasha, na siku zilizofuata nywele zikanyonyoka. Meli ya kuwachukua ilifika baada ya siku mbili. Mwaka 1957 waliambiwa wanaweza kurudi, wakarudi, na madaktari wa Marekani wakaendelea kuwapima mwaka hadi mwaka. Mwaka 1985, baada ya kuona maradhi hayaishi na serikali haitaki kuwaondoa, walihama wenyewe hadi Mejatto kwa meli ya wanaharakati, Rainbow Warrior. Miezi miwili baadaye meli hiyo ilizamishwa bandarini Auckland na majasusi wa Ufaransa, waliokuwa na mabomu yao ya kuyalinda.

Kuna ukurasa wa historia hii unaotuhusu moja kwa moja. Baada ya Vita ya Pili, Tanganyika na visiwa hivyo viliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, miongoni mwa maeneo 11 ya namna hiyo. Aprili 1954, wiki chache baada ya Bravo, Wamarshall walituma ombi kwa Umoja wa Mataifa wakitaka majaribio yakome. Walieleza hofu ya sumu, lakini walisisitiza pia ardhi: kwao ilikuwa zaidi ya shamba, uwanja wa nyumba na makaburi, ndiyo uhai wao, na akinyang'anywa mtu, roho yake nayo huenda. Baraza la Udhamini lilijadili ombi hilo Julai, likasikitika, likapendekeza tahadhari ziongezwe iwapo majaribio ni ya lazima. Majaribio yakaendelea kwa miaka minne.

Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya baraza hilohilo mjini New York kuisemea TANU. Tanganyika ikapata uhuru 1961. Visiwa vya Marshall viliingia Umoja wa Mataifa 1991. Tofauti ya miaka 30 haikutokana na ufasaha wa wasemaji. Udhamini wa Pasifiki ndio pekee uliopewa hadhi ya kijeshi, ukawekwa chini ya Baraza la Usalama, ambako mdhamini, Marekani, alikuwa na kura ya turufu dhidi ya wadhaminiwa wake. Nyerere alizungumza na watu walioweza kuibana Uingereza. Wamarshall walizungumza na ukumbi ambao mshtakiwa ndiye aliyeshika funguo.

Waliobaki na kazi ya kusimulia walikuwa hasa wanawake. Walizaa watoto wasio na umbo la mtu, na kwa aibu wakakaa kimya, kwa kuwa katika jamii inayofuata nasaba ya mama, uzao mbovu humwangukia mama. Darlene Keju aliuvunja ukimya huo hadharani mwaka 1983, mbele ya mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni mjini Vancouver. Lijon Eknilang, aliyekuwa mtoto Rongelap siku ya Bravo, aliieleza Mahakama ya Kimataifa ya Haki 1995 kwamba mimba zake saba ziliharibika. Wengine waliimba. Wanawake wengi wa Rongelap walifanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, na sauti zao zikabadilika. Wapo ambao hawafikii tena noti za juu. Waliendelea kuimba nyimbo zao za bomu kwa sauti hizohizo zilizoharibika, na sijui ushahidi gani mwingine mahakama yoyote ingeutaka.

Kizazi cha sasa hakihitaji mkalimani. Kathy Jetñil-Kijiner, aliyesoma shairi kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa mwaka 2014, alikwenda mwaka 2018 kusoma jingine juu ya kuba la zege la Runit, huko Enewetak. Kuba hilo lilimalizwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kufunika udongo na vifusi vyenye mionzi vilivyotupwa ndani ya shimo la bomu, shimo ambalo chini halikutandikwa chochote. Bahari inapanda. Mshairi amesimama juu ya jalala, na wahandisi wanaendelea kuandika ripoti.

Zile nyaraka zenye mhuri nazo zilifunguliwa miaka ya 1990. Kwa muda mrefu Marekani ilitambua pete nne tu kuwa zimedhurika: Bikini, Enewetak, Rongelap na Utrik. Karatasi za siri zilionyesha kwamba mionzi ilifika mbali zaidi, na kwamba Ailuk, yenye watu wapatao 400, ilipata vumbi la Bravo lakini haikuhamishwa. Watu wa Ailuk walikuwa wakisema hivyo siku zote.

Mahakama Maalumu ya Madai ya Nyuklia, iliyoanza 1988 kwa makubaliano na Marekani, ilitegemea sehemu ya mfuko wa dola milioni 150. Ilikubali kusikiliza wazee. Kwa kesi ya Rongelap, wanaanthropolojia Barbara Rose Johnston na Holly Barker walikusanya shuhuda zao kuhusu weto, uvuvi, urubani na dawa za miti, ili kuonyesha kilichopotea ni zaidi ya bei ya minazi. Hapo simulizi ilipokelewa rasmi kama hati. Mwaka 2001 watu wa Bikini walitunukiwa dola milioni 563; mwaka 2007 watu wa Rongelap walitunukiwa zaidi ya dola bilioni 1. Mfuko ulikuwa karibu mtupu. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa za Bikini na Enewetak, na sehemu kubwa ya tuzo hizo haijalipwa mpaka leo.